Mgongo Wangu na wa Mama

Nilikuwa mtunza ghala la nafaka mjini Dodoma, ghala la shirika la umma lililokuwa karibu na reli. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kalamu mkononi, makuli wakipita mbele yangu na magunia migongoni, mimi nikiandika kilichoingia na kilichotoka. Waliniita Bwana Stoo. Sikuwahi kujiuliza migongo yao ilijisikiaje jioni.

Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, mashirika yakaanza kufungwa au kuuzwa, moja baada ya jingine. Letu nalo zamu yake ikafika. Tulikusanywa uani asubuhi moja ya upepo mkali, vumbi likitupiga machoni, tukasomewa majina ya waliopunguzwa kazini. Nilipewa kiinua mgongo changu. Nikakimalizia kwenye mabati ya nyumba yetu ya Chang'ombe na ada za watoto, na baada ya hapo nikawa mtu wa kukaa barazani nikiwaamkia majirani wanaokwenda kazini.

Ghala lile lile likachukuliwa na mfanyabiashara. Nilimwendea nikamweleza kwamba nalijua jengo lake kila kona, najua hata upande unaovuja masika. Alinisikiliza vizuri, hakunidharau. Akasema, "Mzee wangu, wa kuandika ninaye, ni mtoto wa dada yangu. Kazi niliyo nayo ni ya kubeba. Ukiitaka, njoo kesho."

Nikaenda. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini na sijawahi kubeba kitu kizito kuliko ndoo ya maji. Siku ya kwanza makuli wa zamani waliacha kubeba waliponiona nimevua shati. Mmoja wao, mtu wa Kongwa mwenye shingo nene, alinitandikia gunia tupu begani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bwana Stoo, chukua haya ya pumba. Ya karanga tuachie sisi." Nilishukuru moyoni, lakini nikaona aibu. Wiki ya pili nikawa nabeba ya karanga kama wao.

Mgongo ulianza kuniuma taratibu. Asubuhi nilikuwa nikiinuka kitandani kwa kujishika ukuta, nikishatembea kidogo maumivu yanapungua, nasema ni uchovu wa mtu mgeni wa kazi. Mke wangu alikuwa akinikanda kwa kitambaa na maji ya moto, kisha ananichua kwa mafuta ya karafuu. Alikuwa anauza nyanya na vitunguu sokoni, na mikono yake ilinukia vyote hivyo kwa pamoja. "Pumzika japo siku mbili," alikuwa akiniambia. Nilimjibu kwamba anayepumzika siku mbili, siku ya tatu anakuta nafasi yake ina mtu.

Siku yenyewe niliyoumia, tulikuwa tunapakia lori. Gunia moja lilikuwa limeanguka chini ya ubao wa kupandia. Niliinama kulichukua, miguu nimeinyoosha, mgongo umepinda kama ndoana, nikalivuta kwa nguvu huku nikigeuka kumpa mwenzangu upande wa pili. Hapo katikati, kati ya kuinua na kugeuka, kitu kikakatika kiunoni. Hakikutoa sauti, ila mimi nilikihisi kama sauti. Moto ulishuka kutoka kiunoni ukapita nyuma ya paja, ukaenda mpaka kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Nililala pale pale juu ya pumba na karanga zilizomwagika. Yule mtu wa Kongwa alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akaniweka kwenye mkokoteni, wakanisukuma mpaka nyumbani kama mzigo mwingine wowote.

Zahanati walinichoma sindano ya maumivu, wakaniambia nilale juu ya ubao, nisisogee. Nilitii. Mke wangu aliondoa godoro, akaweka ubao wa mlango wa zamani, akatandika blanketi. Nikalala hapo wiki baada ya wiki. Mwanzoni ilikuwa nafuu, kisha ikawa jela. Mapaja yalikonda. Nilipojaribu kwenda chooni, miguu ilitetemeka kama ya ndama. Kicheko, kikohozi na chafya vyote vilinichoma kiunoni, nikajifunza kutocheka. Binti yetu mdogo alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Alikuwa akija pembeni ya ubao, ananyoosha mikono abebwe, nami nampa kidole tu ashike.

Habari zikafika kwetu Kondoa, kwa mama. Siku moja mchana mlango ukasukumwa, mama akaingia, kajifunga kanga kiunoni, kikapu kichwani, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Alisimama akanitazama.

"Baba, umelala mchana?" akaniuliza. Mama aliniita baba tangu utotoni, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao.

"Shikamoo mama. Mgongo umenishinda."

"Marahaba. Mgongo haumshindi mtu. Mtu ndiye anayeuachia." Akatua kikapu, na katika kukitua nikamwona ameuma midomo na kushika kiuno chake mwenyewe. Sikulitilia maanani. Mama alikuwa ameshika kiuno tangu nilipoanza kumfahamu. Alilima uwele na mtama kwenye miteremko ya kwetu kwa jembe la mpini mfupi, akapandisha maji kutoka bondeni, akatulea mimi na mdogo wangu baada ya baba kufariki. Kwetu mwanamke wa umri wake kushika kiuno halikuwa jambo la kuulizwa.

Alikuwa amekuja na mafuta ya kondoo na mizizi ya kuchemsha. Akanichua kwa mafuta yale yakiwa bado na moto, akitumia kiganja na kiwiko, huku akinisomea dua. Baadaye akamleta mzee mmoja wa mtaani, mtu wa kwetu, aliyeniumika kwa pembe, kuvuta damu mbaya kiunoni. Sitasema havikunisaidia. Mikono ya mama ilinipa usingizi ambao sindano hazikunipa. Lakini ganzi ya mguu haikuondoka, na mama ndiye aliyesema kwanza kwamba dawa zake zimefika mwisho. "Twende hospitali kubwa," akamwambia mke wangu. "Mguu unalala huu."

Hospitali daktari alinigonga magoti kwa kinyundo kidogo, akainua mguu wangu nikiwa chali mpaka nikapiga kelele. Akaniuliza kama nahisi vizuri sehemu za siri, kama naweza kuzuia haja ndogo na kubwa. Niliona haya kujibu mbele ya mama, lakini alisisitiza, akasema ingekuwa siwezi kuzuia, jambo hilo lisingesubiri hata kesho. Nilikuwa naweza. Picha ilionyesha mifupa haijavunjika. Alinieleza kwamba katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini kama mto wa kukalia, kimoja kimesukumwa nje ya mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Wengi hupona bila kupasuliwa, alisema. Kisha akaniuliza nimelala muda gani, na nilipomwambia akatikisa kichwa. "Siku chache zingetosha. Sasa unaumwa vitu viwili, mgongo na kulala."

Akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Huyo ndiye aliyenirudishia miguu. Alinifundisha kuinuka kitandani kwa kugeukia ubavu kwanza, kulala na mto katikati ya magoti, kutembea asubuhi na jioni hata kama inauma kidogo. Alinipa ndoo ya mchanga akasema, "Iinue kama ulivyoinua gunia." Nilipoinama akapiga makofi kunisimamisha. "Hapo hapo ndipo ulipoumia. Piga magoti. Ndoo iwe karibu na tumbo. Miguu ndiyo inyanyuke, siyo kiuno. Na ukitaka kugeuka, geuka na nyayo zako." Nilimfikiria yule mtu wa Kongwa na wenzake, nikajua kuwa hakuna hata siku moja aliyewahi kuwaambia hayo, na mimi miaka yote nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni.

Nyumbani tulitandika mikeka miwili ukumbini. Mama alikataa nifanye mazoezi peke yangu. Akalala mkeka wa pili, chali, magoti ameyakunja, kanga kaifunga vizuri miguuni, na sisi wawili tukawa tunainua nyonga na kuzishusha kama nilivyofundishwa. Mke wangu alisimama na upawa mlangoni akacheka mpaka akaketi. Binti yetu akatambaa juu ya tumbo la bibi yake. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu niumie, na kiuno hakikunichoma. Katika mwaka ule mzima sina siku nyingine ya furaha ninayoikumbuka kama hiyo.

Lakini mke wangu alikuwa ameona jambo. Akaniambia tukiwa wawili tu, "Mama halali. Kila alfajiri namkuta ameketi, kaegemea ukuta. Na nguo alizokuja nazo zinampwaya."

Nilimuuliza mama. Akasema mji wa watu una kelele, na chakula cha kununua hakimkai tumboni.

Mara iliyofuata tulipokwenda hospitali, yule mtaalamu alimtazama mama akiinuka kwenye benchi. Akaniacha mimi kwenye mkeka, akamfuata.

"Shikamoo mama. Na wewe mgongo?"

"Marahaba mwanangu. Mimi si ugonjwa, ni jembe. Nimelima tangu sijaota meno ya utu uzima."

"Ukilala, unatulia?"

Mama akanitazama mimi, kisha akamjibu, "Nikilala ndio unaamka."

"Na mwili unapungua?"

"Mzee hanenepi."

Yule mtaalamu akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono. Alimwambia kwa upole, lakini maneno yenyewe hayakuwa laini. Mgongo wa jembe, alisema, unauma ukiufanyisha kazi na unatulia ukiupumzisha. Unaouma zaidi mtu akilala, unaomwamsha, na mwili unakwisha bila sababu, huo si wa kuchuliwa wala si wa mazoezi. Huo ni wa daktari, tena haraka. Akataka ampeleke siku ile ile.

Mama alisimama akajifunga kanga upya. "Mawingu yameshatanda kwetu," akasema. "Nimeacha shamba halijapandwa. Nikishapanda na kupalilia palizi ya kwanza, nitakuja unitazame utakavyo. Huyu ndiye niliyemleta, huyu ndiye mgonjwa."

Tulimbembeleza wote watatu, mimi, mke wangu na yule mtaalamu. Mke wangu alilia. Mama akambembeleza yeye, kama vile mwenye shida ni mke wangu. Baada ya siku mbili akapanda basi la Kondoa. Nilimsindikiza kwa miguu mpaka kituoni, mwendo mrefu kuliko wote niliokuwa nimeutembea tangu niumie, na alifurahi sana kuniona nimefika. "Sasa umepona," akaniambia dirishani. "Usilale tena mchana."

Mvua mwaka ule zilikuwa nzuri. Mdogo wangu, aliyebaki Kondoa kulima, alileta salamu kwa dereva wa lori kwamba uwele umesimama, na mama anapalilia huku ameketi chini, anajikokota kwa makalio kutoka mstari hadi mstari. Alilieleza hilo kama habari ya kuchekesha, jinsi mama asivyokubali kushindwa. Mimi sikucheka. Nikamtumia neno kwa dereva yule yule amlete mama hata kwa kumfunga kamba.

Alimleta wakati uwele ukianza kuiva, ndege wamejaa shambani. Hakuweza tena kusimama wima. Alishushwa kwenye basi akiwa amebebwa. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akaagiza picha, kisha akatuita mimi na mdogo wangu ndani na kufunga mlango. Alisema uvimbe umeanzia kwingine, kwenye titi, na mama alikuwa ameuficha chini ya kanga, pengine kwa miaka. Kutoka hapo umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Pingili moja imeshabonyea. Mdogo wangu akauliza, "Angekuja kabla ya palizi?" Daktari akasema huenda hata wakati ule usingeondoka, ila angeumia kidogo kuliko alivyoumia. Akatuandikia dawa za maumivu.

Tulikaa naye Chang'ombe. Nilimlaza kwenye chumba changu, juu ya godoro, na ule ubao nikautoa nje. Kumgeuza ilikuwa kazi ya watu wawili. Mke wangu alishika mabega, mimi nikapiga magoti, nikamsogeza karibu na tumbo langu kama nilivyofundishwa kwa ile ndoo ya mchanga, tukamgeuza taratibu. Alikuwa mwepesi. Mwanamke aliyepandisha maji mlimani maisha yake yote, nilimgeuza bila kiuno changu kulalamika hata kidogo.

Alikuwa akiniuliza habari za mgongo wangu kila siku. "Umetembea leo?" "Nimetembea, mama." "Mguu umeamka?" "Umeamka, umebaki kidole tu." Akawa anafumba macho ameridhika. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Mama, ungesema." Alifungua macho akanitazama. Kisha akasema, "Ningesema nini, baba? Wewe ulikuwa unalia, mimi nilikuwa naumwa tu."

Aliomba arudishwe kwake. Daktari hakupinga. Mfanyabiashara wa ghala, aliposikia, alitupa nafasi kwenye lori lake lililokuwa linakwenda kuchukua ufuta. Tulimtandikia magodoro mawili nyuma, mdogo wangu akaketi naye kichwa kikiwa mapajani mwake. Mimi daktari alinikataza kusafiri na barabara ile, mashimo yake yangenirudisha kwenye ubao. Nilitembea kando ya lori mpaka liliposhika mwendo. Nikabaki nimesimama nikilitazama likielekea upande wa Msalato, vumbi lake jekundu likalifunika, kisha vumbi nalo likatua.

Habari ya kufariki kwake ililetwa na mtu wa simu ya duka la jirani. Safari hii hapakuwa na daktari wa kunizuia. Nilipanda basi la asubuhi, mke wangu pembeni yangu. Tulipita mashamba ya mizabibu ya Makutupora, wavunaji wameinama mistari kwa mistari, wakiinua matenga ya zabibu na kuyapeleka kwenye trekta. Niliwaangalia wanavyoinama. Kila shimo la barabara lilipanda kutoka kwenye kiti mpaka kwenye meno. Tulipofika, nilishindwa kushuka ngazi za basi. Kondakta na kijana mmoja walinishusha kwa kunishika makwapa.

Walikuwa wamenisubiri. Mama alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Tulimsalia baada ya alasiri, mimi nikisali nimesimama, maana sala ya maiti haina rukuu wala sijida, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini jeneza lilipoinuliwa na wanaume wakaanza kupokezana, nilipeleka bega langu, na mjomba wangu akaniondoa kwa mkono. "Wewe tembea tu, mwanangu."

Makaburini, wanaotakiwa kuteremka kumpokea mama ni wanawe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi ndiye mkubwa. Nilisogea ukingoni, nikatazama chini kwenye mwanandani, shimo la ndani ya kaburi alilochimbiwa. Kina kilikuwa cha kawaida tu, kifua cha mtu. Nilijaribu kukunja goti, na moto ule ukashuka tena pajani mpaka mguuni, nikashikwa ili nisianguke. Mdogo wangu alivua viatu, akateremka, mjomba akamfuata. Wakampokea. Nilimsikia mdogo wangu akimwambia mama kwa sauti ndogo ya lugha yetu, ile tunayoongea nyumbani tu, kwamba wanamlaza kwa upande wa kulia, asiwe na wasiwasi.

Mimi nilirusha udongo nikiwa nimesimama.

Siku ya tatu, wanawake wa jirani walipokuwa wakitoka msibani, mmoja baada ya mwingine alikuwa akiinuka kwenye mkeka na kushika kiuno. Mke wangu aliwafuata mpaka uani, nami nilimsikia kutoka ndani. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, tena alikuwa mgeni kwao. Alikuwa akiwauliza, "Mama yangu, ukilala unatulia? Shangazi, na wewe?" Wengine walicheka wakasema ni jembe. Mama mmoja mwembamba hakucheka. Alirudi akaketi kwenye mkeka, na mke wangu akaketi naye, wakaongea mpaka jua likazama. Tuliporudi Dodoma, mama huyo tulikuwa naye kwenye basi. Alikutwa na kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa wa mgongo, akapewa dawa za miezi mingi, akapona. Bado anatuletea kunde.

Mimi sikurudi kubeba. Nilipata kazi ya kuuza mbegu kwenye duka la mtu, kazi ya kusimama na kutembea. Mgongo unaniuma kipupwe kikianza, upepo wa baridi unapoingia chini ya mlango, na huwa najifunga kitambaa cha sufu kiunoni kama mwanamke aliyetoka uzazi. Msikitini ninasali kwenye kigoda, safu ya nyuma, pamoja na wazee. Wenzangu wanaposujudu mimi nainamisha kichwa tu, na mbele yangu naiona migongo yao yote imeinama, ya vijana na ya watu wazima. Mmoja wao akichelewa kuinuka, namsubiri mlangoni nimuulize kama mgongo unatulia akilala.